Dume Mzee wa Thoroughbred: Jinsi ya Kusoma Nasaba Yake Kabla ya Kumpelekea Jike Wako

Kila msimu hutumiwa picha za karatasi za nasaba za Thoroughbred, yaani farasi wa mbio, kwenye simu, na ujumbe haubadiliki: "Huyu ni mwana wa fulani, ana miaka 18, ada yake ya kupandisha imeshuka. Nimpelekee jike wangu?" Nami hujibu kwa swali moja: watoto wake wamefanya nini? Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapokatika. Mwenzangu amewasoma babu na babu wa babu hadi kizazi cha tano, lakini watoto wa dume mwenyewe hajawatazama.

Kosa hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Dume aliyestaafu mbio mwaka jana hana mtoto hata mmoja, kwa hiyo huna budi kuwasoma wazazi wake na kukisia. Dume wa miaka 15 kwenda juu, ambaye ndiye nitakayemwita mzee hapa, alishaacha kuwa kisio. Nasaba yake inabaki na kazi mbili: kukueleza kwa nini watoto wake wako walivyo, na kukuonyesha kama damu yake inakwenda na ya jike wako.

Nimemlenga mwenye jike mmoja au wawili, tuseme karibu na Nairobi au Nakuru, ambaye farasi wake watakimbia uwanja wa mbio wa Ngong. Nimemlenga pia saisi ambaye tajiri wake humuuliza, "Wewe unaonaje?" Ukiwa unafanya kazi kwenye mabanda ya nchi za Ghuba, hatua ni zilezile, mradi farasi ni Thoroughbred na si wa Kiarabu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya nasaba ya dume na ya jike, vizazi 5 kila mmoja. Vizazi 3 havitoshi, utaona sababu kwenye hatua ya 5.
- Orodha ya watoto wote wa dume waliosajiliwa, mwaka kwa mwaka, pamoja na mama zao. Wote, hata wale ambao hawakukimbia.
- Matokeo ya mbio ya watoto hao: umbali, daraja la mbio, na umri waliposhinda.
- Daftari la upandishaji la misimu 3 iliyopita: majike wangapi walipandwa, wangapi walishika mimba, watoto wangapi walizaliwa hai.
- Ripoti ya daktari wa mifugo kuhusu mbegu za dume, ya msimu huu. Ya mwaka juzi haina kazi.
- Karatasi kubwa, kalamu za rangi 2, na subira ya siku kadhaa.

Mwenye dume akikataa kukuonyesha daftari la upandishaji, usibembeleze. Tafuta dume mwingine.

## Hatua ya 1: Andika kasoro za jike wako

Anza na jike. Mtoto huchukua nusu ya jeni kutoka kwa kila mzazi, na nusu ya jike tayari unayo. Andika mambo matatu aliyofanya vizuri na mawili yanayomshinda. Kwa mfano: "Ana mwendo mzuri, ametulia, kwato ngumu. Anachoka baada ya mita 1400. Magoti ya mbele yamepinda kidogo kwenda nyuma."

Sababu ni hii: bila karatasi hiyo kila dume atakuvutia. Ukiwa nayo, unatafuta dume mmoja tu, yule asiyekuwa na kasoro hizo mbili yeye mwenyewe, na ambaye watoto wake hawakuzionyesha.

Usitafute kinyume cha kasoro. Jike mwenye kifundo kilichosimama wima mno, ukimpa dume mwenye kifundo kilicholala mno, hupati mtoto wa katikati. Unaweza kupata mtoto aliyerithi mmoja wa hao wawili, kamili. Tafuta dume aliye sawasawa mahali hapo.

Hatua hii imekamilika kasoro mbili zikishaandikwa kwa maneno ambayo saisi wako naye anayakubali. Yeye ndiye anayeziinua kwato hizo kila asubuhi.

## Hatua ya 2: Soma watoto kabla ya mababu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Chukua orodha ya watoto wote na ugawe mafungu manne: waliokimbia, walioshinda angalau mara moja, walioshinda mbio kubwa zenye daraja, na ambao hawakuwahi kufika uwanjani. Hilo la mwisho lina habari nyingi. Dume ambaye nusu ya watoto wake hawakufika uwanjani ana jambo, pengine miguu, pengine mapafu, na tangazo halitalitaja.

Kwenye nchi kubwa za mbio, dume ambaye watoto 10 kati ya kila 100 wameshinda mbio kubwa huhesabiwa kuwa wa juu kabisa. Hapa kwetu dume anaweza kuwa na watoto 20 tu maishani, hivyo asilimia zitakudanganya. Mtoto mmoja bora kati ya 20 ni asilimia 5, na huenda mama yake ndiye aliyemfanya bora.

Kwa sababu hiyo, fanya hesabu ya ndugu wa mama mmoja. Chukua kila jike aliyezaa na dume huyu na ambaye amezaa pia na madume wengine. Wapange watoto wa jike huyo wote kwa mstari, kisha jiulize: mtoto wa dume huyu ni bora kuliko ndugu zake, sawa nao, au hafifu kuliko wao? Weka alama ya kujumlisha, ya usawa, au ya kutoa. Rudia kwa majike 8 au 10.

Wamarekani wana takwimu mbili zinazofanya kazi hiyohiyo. Moja hupima mapato ya watoto wa dume dhidi ya wastani wa farasi wote, na wastani ni 1.00. Nyingine hupima mapato ya watoto wa majike walewale walipozaa na madume wengine. Ya kwanza ikizidi ya pili, dume anawainua majike. Ikiwa chini yake, majike ndio wanaombeba. Dume anaweza kuwa na 1.80, namba inayopendeza kwenye tangazo, kumbe majike wake wakizaa na wengine hupata 2.40.

Nakumbuka siku niliyoifanya hesabu hii mara ya kwanza, mezani jikoni, kwa ajili ya dume niliyempenda mno. Alikuwa hudhurungi iliyoiva, shingo nzito, babu yake jina ambalo kila mtu analijua. Nilipomaliza majike 9 nilikuwa na alama za kutoa 6. Watoto wake watatu waliojulikana walikuwa wa jike mmoja, na jike yule alizaa washindi na kila dume aliyepewa. Niliitazama karatasi ile muda mrefu kabla ya kuikubali.

Kisha gawanya watoto kwa umri wa baba: waliozaliwa kabla hajafika miaka 12, na waliozaliwa baada ya 15. Wa baadaye wakiwa hafifu, usikimbilie kusema damu imechoka. Tazama kwanza mama zao. Ada ya dume ikishuka, majike wanaoletwa nao hubadilika.

Andika pia umbali. Dume ambaye yeye mwenyewe alishinda mita 2400 lakini watoto wake wanashinda mita 1200 ni dume wa mita 1200, hata karatasi yake iseme nini. Jeni ya myostatin, ambayo tangu mwaka 2010 imejulikana kuhusiana na umbali anaouweza farasi wa Thoroughbred, huja katika aina mbili. Farasi mwenye nakala moja ya kila aina huweza kumpa mtoto yoyote kati ya hizo. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja hutofautiana, na ndiyo maana unahitaji kuwaona wengi.

Ukimaliza, uwe na sentensi moja unayoweza kuitetea, mfano: "Dume huyu huwapa majike wa kawaida watoto wanaodumu hadi umri wa miaka 5, wa mita 1600 hadi 2000, lakini si wepesi wakiwa na miaka 2."

## Hatua ya 3: Shuka upande wa mama

Sasa fungua nasaba. Juu ya karatasi kuna baba, baba wa baba, na kuendelea. Majina yanang'aa. Weka kiganja juu ya nusu hiyo uifunike, kisha soma nusu ya chini.

Kuna sababu ya kibaiolojia. Dume ana kromosomu X moja tu, na aliipata kwa mama yake. Hiyo ndiyo anayompa kila binti yake. Ukitaka majike wa kubaki nao shambani, mama wa dume anaingia kwenye shamba lako moja kwa moja.

Kuna sababu ya pili, ya soko. Dume mkubwa wa leo huweza kuwa na watoto zaidi ya 1000, kwa hiyo kuitwa "mwana wa fulani" si sifa adimu. Jike huzaa mara moja kwa mwaka, tena akijaliwa. Jike aliyetoa washindi watatu wa mbio kubwa ametoa kitu ambacho hakielezeki kwa bahati. Mfano unaojulikana ni jike Urban Sea, mshindi wa Arc de Triomphe, mbio kubwa ya Ufaransa, mwaka 1993. Alimzaa Galileo kwa dume Sadler's Wells, na Galileo akashinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 2001. Akamzaa Sea the Stars kwa dume Cape Cross, na Sea the Stars akashinda Derby na Arc mwaka 2009. Baba wawili tofauti, mama mmoja.

Kwenye katalogi za mnada, jina lililochapwa kwa herufi nzito kubwa ni la farasi aliyeshinda mbio kubwa. Herufi nzito ndogo ni aliyeingia nafasi za mbele bila kushinda. Hesabu herufi hizo chini ya mama wa kwanza (mama wa farasi mwenyewe) na mama wa pili (mama wa mama yake) tu. Zikianza kuonekana kwenye mama wa nne, familia ile ilikuwa na enzi zake zamani, na wewe unauziwa kumbukumbu.

Mitego ni miwili. Kwanza, katika lugha ya mbio ndugu wa nusu ni wa mama mmoja pekee. Mtu akikuambia dume wake ni nduguye bingwa fulani, uliza: kwa mama au kwa baba? Wakiwa wa baba mmoja tu, ana ndugu wa namna hiyo kwa mamia.

Pili, ndugu kamili si nakala. Black Sam Bellamy alikuwa wa baba na mama mmoja na Galileo, tena mshindi wa mbio za Daraja la 1, lile la juu kabisa, lakini kama baba hakumkaribia kaka yake. Ndugu kamili wanagawana wastani wa nusu ya jeni. Usimlipie mdogo kwa kazi ya mkubwa.

## Hatua ya 4: Uliza habari za mabinti

Hapa dume mzee anamzidi kijana kwa mbali. Akifika miaka 18, mabinti zake wa mwanzo wameshakuwa mama, na wajukuu wake wako uwanjani.

Kuna madume ambao wana wao hawakutikisa dunia kama baba zao, lakini mabinti ndio hazina. Secretariat, mshindi wa Triple Crown, yaani mbio tatu kuu za Marekani, mwaka 1973, hakuacha mwana wa kuendeleza jina lake kwa nguvu ya yeye mwenyewe. Lakini ni baba wa mama wa Storm Cat na pia baba wa mama wa A.P. Indy, madume wawili waliotawala uzalishaji wa Kentucky kwa miaka. Aliyemhukumu kwa wana peke yao alikosa nusu ya habari.

Kwa mwenye shamba dogo jambo hili linabadilisha hesabu nzima. Ukiwa unataka kuuza mtoto akiwa na mwaka mmoja, mabinti wa dume hawakuhusu sana. Ukiwa unataka kujenga familia ya majike, dume wa wastani mwenye mabinti wazuri anakufaa kuliko dume wa wana mahiri.

## Hatua ya 5: Weka nasaba mbili kwenye karatasi moja

Chora nasaba ya mtoto atakayezaliwa: dume na mababu zake wote juu, jike na wake wote chini. Kisha zungushia kwa rangi kila jina linalotokea mara mbili. Hesabu limetokea kizazi cha ngapi kila upande. Likitokea kizazi cha 3 juu na cha 4 chini, tunaandika 3×4.

Ukubwa wa udugu huo unapimwa hivi, kwa babu mmoja anayejirudia:

- 2×2 ni asilimia 12.5
- 2×3 ni asilimia 6.25
- 3×3 ni asilimia 3.1
- 3×4 ni asilimia 1.6
- 4×4 ni asilimia 0.8

Hizi ni nafasi za mtoto kupata nakala mbili za jeni ileile kutoka kwa babu yuleyule. Jeni nzuri huongezeka nguvu, na mbaya iliyojificha nayo hutoka hadharani. Majina yakijirudia zaidi ya moja, jumlisha.

Mimi hukaa 3×4 au mbali zaidi, nikivuka hapo ni kwa sababu ninayoweza kuitaja. Wapo waliokaribia zaidi wakafaulu. Enable, aliyeshinda Arc mwaka 2017 na 2018, ni 3×2 kwa Sadler's Wells: babu wa baba yake, na baba wa mama yake. Lakini waliomzalisha wana majike wengi, na mtoto mmoja akiharibika hawafungi shamba. Wewe mwenye jike mmoja huna nafasi hiyo.

Usizungushie madume tu. Udugu hujificha kwa majike. Binti wa Galileo akipandwa na Sea the Stars, mtu anayesoma majina ya baba peke yake haoni kitu. Kumbe Urban Sea yuko 2×3, asilimia 6.25. Ndiyo sababu nilisema vizazi 5, na majina ya mama yote yawepo.

Upande wa pili ni dume asiye na damu inayojaa kwenye majike wa eneo lako. Dubawi, aliyezaliwa mwaka 2002, hana Sadler's Wells wala Danehill kwenye nasaba yake, damu mbili zilizoenea Ulaya nzima. Kwa hiyo majike wa Galileo walimwendea bila wasiwasi, na ndivyo walivyopatikana Night of Thunder na Ghaiyyath, wote wawili watoto wake kwa mabinti wa Galileo. Sisi hatumpati Dubawi. Tunachoweza ni kujiuliza swali lile: majike wa huku wana damu gani nyingi, na dume gani mzee hana?

Watu husifu pia mchanganyiko fulani wa damu, kama Galileo kwa mabinti wa Danehill, uliomtoa bingwa Frankel. Mchanganyiko huo ni wa kweli, lakini uliza ulijaribiwa mara ngapi. Ukijaribiwa mara 200 lazima utoe bingwa. Mifano miwili ya mchanganyiko mpya haijathibitisha chochote.

Karatasi iliyokamilika inaonyesha kila jina lililozungushiwa, namba zake, na jumla kwa asilimia. Ukishindwa kusema kwa nini jina lile lirudiwe, lisirudiwe.

## Hatua ya 6: Tafuta maradhi yanayopita kwenye damu

Uliza, tena kwa kutaja jina la kila tatizo: watoto wake walikuwa na kupumua kwa sauti wakikimbia? Walitoka damu mapafuni? Misuli ilikakamaa baada ya mazoezi? Vifundo vya ujana vilikuwa na vipande vya mfupa vilivyofanyiwa upasuaji? Mtoto mmoja hasemi kitu. Watatu wa mama tofauti wanasema.

Kuna pia ugonjwa wa ngozi na viungo laini vya mtoto mchanga, ambao hutokea pale tu mtoto anapopata jeni mbovu kwa wazazi wote wawili. Kwa Thoroughbred si wa kawaida, lakini kipimo chake ni unyoya wa shingo au damu kidogo, na kinafanywa mara moja tu maishani. Dume akiwa anaibeba jeni hiyo, bado anaweza kutumika kwa jike asiye nayo. Kinachotakiwa ni kujua.

Kisha maradhi ya kuambukiza. Dume apimwe ugonjwa wa mfuko wa uzazi unaoenezwa kwa kupandana, homa ya mishipa inayobaki kwenye mbegu hata dume akiwa mzima kabisa, na malale ya farasi. Usimpeleke jike hadi umeona majibu yenye tarehe.

## Hatua ya 7: Mtazame, kisha mpime mbegu

Sheria za kimataifa za vitabu vya nasaba hazikubali Thoroughbred aliyepatikana kwa kupandikiza mbegu. Lazima dume apande mwenyewe. Mzee mwenye mbegu nzuri na magoti ya nyuma yanayouma ni kazi bure.

Omba kumwona akitoka bandani asubuhi, kabla hajapasha viungo. Tazama hatua 10 za mwanzo. Kisha omba kumwona akipanda. Wengi hutazama anavyopanda juu. Mimi hutazama anavyoshuka. Dume mwenye maumivu hushuka kwa upande, uzito wote mguu mmoja, husimama pale kichwa chini, na mara nyingine hugeuza shingo kuutazama ubavu wake. Mmoja niliyemwona alikuwa na miaka 21. Alishuka taratibu, akasimama sawasawa kwa miguu minne, akatikisa masikio, akaanza kutafuta majani ukingoni mwa uwanja. Nilimpenda hapohapo.

Kuhusu mbegu, daktari hukusanya mara mbili, saa 1 katikati, baada ya dume kupumzika wiki nzima. Kwenye mkusanyo wa pili panatakiwa mbegu zisizopungua bilioni 1 zenye umbo sahihi na zinazokwenda mbele. Upana wa korodani zote mbili pamoja hutakiwa kufika sentimita 8 au zaidi, na kwa mzee kipimo hiki kilinganishwe na cha mwaka uliopita, kwa maana korodani zinazosinyaa ndizo dalili ya mwanzo.

Mbegu ya farasi huchukua takriban siku 57 kutengenezwa, kisha wiki moja hivi kukomaa njiani. Dume aliyepata homa kali leo anaweza kuonekana mzima wiki ijayo na bado asitie mimba kwa miezi miwili. Uliza kama aliugua karibuni au alisafiri mbali.

Heshima ya jina haizuii jambo hili. Storm Cat alipumzishwa mwaka 2008 na A.P. Indy mwaka 2011, wote kwa sababu uwezo wao wa kutia mimba ulipungua. Cigar, bingwa wa Marekani, hakuwahi kutia mimba jike hata mmoja, na hakuwa mzee.

Hili lilinikuta. Nilimpeleka jike kwa dume wa miaka 19, nasaba safi, kila kitu safi kwenye karatasi. Alipandwa mizunguko mitatu. Kila mara daktari alitoa mkono akitikisa kichwa. Msimu ukaisha, jike akarudi tupu, nami nikawa nimelipa usafiri, chakula na matibabu. Baadaye nilijua kwamba msimu uliotangulia majike wengi wa dume yule walirudi vivyo hivyo. Daftari lilikuwepo. Sikuliomba. Kilichoniuma zaidi ni mwaka wa jike, maana alikuwa na miaka 17 naye, na mwaka ule haukurudi.

## Hatua ya 8: Mkataba

Fupi tu. Ada ilipwe mtoto akizaliwa hai, na maana ya "hai" iandikwe: amesimama na amenyonya. Iandikwe pia itakuwaje dume akifa au akistaafishwa katikati ya msimu, jambo ambalo kwa mzee si la kufikirika tu. Idadi ya majike wa msimu itajwe. Mzee asipandishwe zaidi ya mara moja kwa siku, na siku za mapumziko ziwepo.

Usikubali ahadi ya mdomo, hata kutoka kwa rafiki.

## Hatua ya 9: Siku ya kupandisha na siku 60 zinazofuata

Jike hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hudumu siku 5 hadi 7. Yai hutoka siku moja au mbili kabla joto halijaisha. Kwa dume kijana unaweza kupandisha siku ya 2, ya 4 na ya 6 ukafaulu. Kwa mzee usizitumie nguvu zake hivyo. Mbegu zake zinaweza kuwa chache na za muda mfupi, hivyo mpandishe mara moja, karibu na yai. Daktari apime kwa ultrasaundi, na kifuko cha yai kikifikia milimita 35 huku mfuko wa uzazi umevimba vizuri, anaweza kumdunga jike sindano ya kulitoa yai ndani ya saa 36 hadi 48. Dume aletwe ndani ya muda huo.

Siku ya 14 hadi 16, pima tena. Unatafuta duara jeusi dogo kwenye skrini, moja. Yakiwa mawili, daktari aliondoe moja palepale, kwa kuwa farasi ni nadra kubeba mapacha hadi mwisho, na wakati mwingine huwapoteza wote pamoja na afya ya mama. Ukichelewa hadi siku ya 36 au 40, tayari mimba imejenga vijitezi vinavyomzuia jike kurudi kwenye joto hata mimba ikitoka, na msimu wako umekwisha.

Siku ya 25 au 28, pima mara ya tatu. Usibaki nje ya banda siku hiyo. Ingia, simama kando ya bega la jike, mshike kamba wewe mwenyewe, na umwombe daktari akugeuzie skrini. Ndani ya lile duara kuna kidoa cheupe cheupe kimeegemea chini, na katikati ya kidoa kitu kinapepesa, haraka haraka, bila kusimama. Huo ni moyo. Pima tena siku ya 45 na ya 60, kisha andika kwenye daftari tarehe aliyopandwa na uhesabu siku 340 kuanzia hapo.